TP ya osmosi: vile viazi vilinifundisha

Wadogo zangu wa bioloji na agronomi hapa Bukavu, najua muko munajiandaa kwa TP (kazi ya maabara) ya osmosi, njo kusema maji kupita utando, ile ngozi nyembamba ya seli, kwenda kule chumvi ao sukari ni mingi. Mimi niliifanya mara mbili juu ya kwanza nilianguka, basi haya yote yalinigarimu.

Kabla ya kufungua kaye, pita kwanza ku soko la Kadutu mchana jua likiwa kali, uangalie mama wa lengalenga. Majani yameanza kulala, anatumbukiza mashina mu beseni ya maji, kiisha muda yanasimama tena. Kule kusimama njo profesa anaita turjesensi: maji yameingia mu seli, vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli) imejaa inasukuma ukuta, na ukuta unakataa kupasuka. Seli nyekundu ya damu haina ule ukuta, ukiiweka mu maji matupu inajaa mpaka inapasuka.

Sasa TP yenyewe. Unakata vijiti vya kiazi vya sentimita 5, unapima, kila kimoja mu glasi yake: maji ya mvua, maji ya chumvi kidogo, maji ya chumvi mingi. Kiisha saa moja unatoa, unapima tena, halafu unavikunja na vidole. Cha maji ya mvua kinavunjika kwaa! kama karoti, cha chumvi mingi kinajipinda tu kama kipande cha mpira. Andika hiyo mu rapo, asistani anapenda kuona uligusa kitu na mikono yako.

Kosa langu lilikuwa la aibu: sikuvipangusa. Kijiti cha gramu 4 kilitoka mu chumvi kimelegea kama sombe ya jana lakini kimebeba matone, mizani ikasema 4,1, na mimi bila kuwaza nikaandika kwamba chumvi inaongezea kiazi uzito, nikatunga na sababu ya nusu ukurasa! Kitu kimelegea vile, uzito umetoka wapi? Sikujiuliza. Kwa hiyo pangusa vyote na karatasi namna moja, bila kukamua, na hesabu kwa asilimia juu vijiti havianzi na uzito sawa: kama 4,0 imekuwa 4,4, umepata 10%.

Maneno nayo yanaangusha batu. Usiandike chumvi iliingia mu kiazi kutafuta maji. Utando wa seli unaacha maji yapite, chumvi inapita kwa taabu sana. Maji yanaenda pande zote mbili kila wakati, ila kule kwenye chumvi mingi maji huru ni machache, njo maana yanayotoka mu seli yanashinda yanayoingia. Na kama kuna glasi yenye kijiti chake hakikubadilika uzito, wengi wanasema maji yamesimama. Hapana, yanaingia na kutoka sawasawa.

Kitunguu chekundu usikiruke, hata kama mikroskopi ni moja na muko watu makumi mbili munasukumana. Bandua kangozi kembamba ka rangi, weka tone la maji ya chumvi, angalia: ile rangi inarudi nyuma, inajikusanya katikati na inakolea, ukuta unabaki mahali pake. Hiyo ni plasmolisi. Swali wanapenda kuuliza: mu nafasi kati ya ukuta na utando kuna nini? Mimi nilijibu hewa. Ni maji ya chumvi, juu ukuta unaacha maji na chumvi vipite, utando njo unachagua. Ukiweka maji matupu upande mmoja na kuyavuta na karatasi upande wa pili, rangi inajaa tena, kama haukuchelewesha seli mpaka zikafa.

Ukipata nafasi ongeza kijiti kimoja cha kiazi kilichochemshwa. Moto umeharibu utando, hakitakuwa kigumu hata mu maji ya mvua, na chumvi inaingia ndani yake bila kizuizi. Asistani wangu hakuniomba hicho, nilikifanya mara ya pili na alama zilipanda.

Viazi nunua siku ile ile, na vijiti vyote vitoke mu kiazi kimoja. Kile kimekaa wiki mbili ku dirisha kimeshanyauka, maji yake yamepungua na utamu wa ndani umekolea, kinaweza kunywa maji hata mu glasi ya chumvi kidogo, na grafu yako haitafanana na ya mtu yeyote mu salle.