Muulize Bibi: Watu Watasema Nini?

Assalaam aleikum bibi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, natembeza watalii kwa mashua hapa Shela kisiwani Lamu, mashua ni ya tajiri si yangu. Nimeposa nikakubaliwa alhamdulillah na mahari nishatoa. Shida ni harusi. Rafiki zangu wote wamefanya harusi za kuvuma, taarab kutoka Mombasa, keki ya ghorofa, droni inapiga picha juu. Mimi nina laki na nusu tu, nataka nijazie na mikopo ya simu tufunge mwezi wa nne. Nikifanya kidogo watu watasema nini?
Kijana wa Shela

Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu, na hongera, manake siku hizi kukubaliwa ndio kazi yenyewe. Sasa hao watu unaowaogopa unawajua? Mimi nawajua wote, nimekula nao harusi tangu sijaota meno. Kuna yule anakuja na watoto sita na mfuko wa plastiki wa kubebea, serikali ilipiga marufuku mifuko hio 2017 lakini kwake haijaisha mpaka leo. Kuna yule atasema biriani nyama haionekani, na ukiongeza nyama atasema mchele umekatika, na kuna yule hali kabisa, anakaa pale ahesabu sare ya mama yako imemtoka vipi. Ukifanya ndogo watasema huna, ukifanya kubwa watasema umekopa, na hapo mwanangu watakuwa wamesema kweli.

Tuhesabu. Kuna mikopo ya simu inakata asilimia 7.5 kwa siku 30, yani kila elfu kumi unarudisha 10,750, na ukishindwa ukakopa tena kulipa ule wa kwanza, ukizungusha hivo mwaka mzima ushatoa elfu tisa juu ya elfu kumi na hio elfu kumi bado inakungoja. Riba hio, na wewe unataka ndoa yenye baraka! Halafu mwezi wa nne, subhanallah, wewe ni mtu wa bahari unataka mimi nikufundishe? Upepo wa kusi unaingia, mvua zaja, mwezi wa tano hoteli kadhaa hapo Shela zafunga mlango, watalii hakuna, tajiri anaivuta mashua yake juu aipake shahamu na wewe umekaa barazani na mke mpya na simu inalia ulipe. Harusi ya deni yaliwa siku moja, lakini kusi ni miezi.

Fanya hivi. Nikaha msikitini, halwa na kahawa, walima yani karamu ya harusi iwe ya mbuzi, Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia sahaba wake afanye walima japo kwa mbuzi mmoja na hakutaja keki. Wanawake waachie vugo, ngoma yao ya kugonga pembe, shangazi zako wakishika zile pembe usiku kucha hio taarab ya Mombasa utaisahau. Vijana wenzio wacheze kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Laki na nusu usiimalize, weka elfu hamsini za kula kusi, usiziguse hata shemeji yako akilia. Na je, bibi harusi mwenyewe umemuuliza anataka nini? Naona barua nzima umetaja droni, yeye hukumtaja. Muulize leo. Na mahari ushatoa ni yake, usije mwezi wa sita ukaanza "nikopeshe kidogo tu".

Bibi shikamoo. Mimi nina miaka 23, nina diploma ya uhasibu, kazi sipati. Mama anataka niuze mahamri lakini naona aibu, wasichana niliosoma nao watanicheka.
Mwana wa Langoni

Marahaba mwanangu. Wakucheke, lakini wanunue. Lamu hii vichochoro ni vyembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja sharti arudi nyuma, kwa hivo utaonwa tu, hata ukikaa kitako nyumbani utaonwa umekaa. Kuomba kazi usiache, barua zako peleka kila mahali, mahamri hayakuzuii. Unga ukande usiku na tui zito la kwanza, iliki uitwange mwenyewe usinunue ile ya pakiti haina harufu, ufunike uumuke vizuri, alfajiri uchome. Kisha usiende kukaa mlangoni kwenu ungoje majirani, hao watataka mkopo. Nenda gatini kwenye mashua mapema, abiria wa basi wanavuka kwenda Mokowe upande wa bara na wengi hawajatia kitu tumboni, hamri la moto na mbaazi kwenye kopo hawalipiti. Na hio diploma yako ndio itakufaa hapo, kila jioni andika unga, nazi, mafuta, kuni, na hela zilizoingia, wauzaji wengi hapa wachoma miaka na hawajui wapata au wala mtaji. Ndugu zako wakila nao uandike, hasa yule kaka.