Barua kwa Mwanangu: Kindi na Ua wa Saipresi

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kuhusu ile kazi mliyopewa chuoni, kulinganisha kindi na kichaka cha saipresi, nawe ukaiona ni sawa na kulinganisha mbuzi na baiskeli. Hapana binti yangu. Hao ni ndugu, ingawa waliachana zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita.

Anzia ndani. Seli ya kindi ina kiini, ya saipresi pia. Zote zina mitokondria, yale majiko madogo ya kuchomea sukari, maana mmea nao hupumua, usiku na mchana. Urithi wao umeandikwa kwa herufi zilezile 4 za DNA. Na usimpe kindi ushindi kwa kuwa ana macho na mkia: jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya sprusi wa Ulaya, mti ulio jamaa wa mbali wa saipresi, ilipochapishwa mwaka 2013, ilikuwa na herufi kama bilioni 20. Sisi binadamu tuna kama bilioni 3, na kindi hayuko mbali na sisi. Nyingi za sprusi ni marudio, lakini hata hivyo!

Tofauti mimi naiona kwenye njaa. Kindi akishikwa na njaa huondoka. Saipresi hukaa palepale ikapika kwa jua. Sasa asiyeweza kukimbia atajilinda vipi? Ndiyo ule utomvu unaonata mikononi ukikata tawi, na harufu yake kali. Kindi ana miguu, na meno ya mbele yasiyokoma kukua.

Hili la kukua usilipite haraka, mimi lilinigharimu. Ulipokuwa S2, kidato cha pili, nilipogoa ua wa saipresi wa mteja mmoja, nikazidisha mkasi hadi kwenye matawi ya kahawia yasiyo na majani. Nilidhani yatachipua kama lantana. Wapi! Saipresi hukua kwenye ncha za kijani. Ukiikata hadi kwenye sehemu kongwe ya tawi, haina jicho la kuchipua hapo. Pengo lile lilikaa miaka, na pesa sikulipwa. Kindi naye akikatika mkia, haurudi. Kwa hilo saipresi inafanana naye zaidi kuliko inavyofanana na mchungwa wetu, ambao hata kisiki chake huchipua.

Yule kaamuje, kindi wetu wa kwenye mparachichi, bado anatuibia. Nikimvizia juu ya ua wa jirani nitampiga picha nikutumie, uibandike kwenye kazi yako.

Baba yako