Hawakuzitapanya, Walizikabidhi

Swali lenu la wiki hii linasema: kwa nini wanamuziki wa roki wanaoingiza mamilioni huishia kufilisika, na je, ni starehe inayowamaliza? Starehe inakula, sikatai, lakini inakula kwa kijiko. Kinachobeba sufuria nzima ni saini.

Mimi ni mhasibu, na kazi hii imenifundisha kuiogopa ile karatasi ndogo ya njano inayobandikwa mahali pa kutia saini. Mteja anafunguliwa faili moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, simu imebanwa begani, anaandika jina lake, anaondoka. Kurasa kumi na nne za juu hazijaguswa.

Mchukueni Sting, mwanamuziki wa Uingereza. Mwaka 1995 mahakama ya London ilimfunga mshauri wake wa fedha, Keith Moore, miaka 6 kwa kumwibia pauni milioni 6. Sehemu ya fedha hizo iliingizwa kwenye biashara ambazo mwenye mali hakuzijua kabisa, ikiwemo mikahawa ya chakula cha Kihindi huko Australia. Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sting daftari alikuwa nalo, tena nene, lenye akaunti zaidi ya 100. Ila aliyekuwa analiandika ndiye aliyekuwa anachota.

Watu huuliza, mtu anakosaje kuona milioni sita zikitoka? Mimi naona inawezekana sana. Fedha ya msanii haiji kama mshahara. Mrabaha, yaani malipo ya msanii kila kazi yake inapouzwa au kutumika, unaingia kwa mafungu, kutoka nchi nyingi na kwa sarafu tofauti, mwingine miaka kadhaa baada ya wimbo kurekodiwa. Kodi nayo inadaiwa huku na kule. Mwenyewe yuko ziarani miezi minane, analala kwenye basi. Lazima awepo mtu wa kushika hesabu, na mtu huyo akishakaa miaka kumi na tano si mfanyakazi tena, anakuwa ndugu. Nani anamkagua ndugu yake?

Mwimbaji wa Kanada, Leonard Cohen, alikwenda kuishi katika monasteri ya Wabudha mlimani California katika miaka ya 1990, akamwachia meneja wake shughuli zote. Mwaka 2004 ndipo ilipobainika kwamba akiba yake ya uzeeni, zaidi ya dola milioni 5, imekwisha. Mahakama ilimpa haki mwaka 2006, dola milioni 9, lakini hukumu ni karatasi na fedha ni kitu kingine. Mwaka 2008, akiwa na miaka 73, alirudi jukwaani kutafuta riziki. Kwa bahati njema watu walijaa kila alikokwenda. Pete Ham wa kundi la Badfinger hakuipata bahati hiyo. Alikuwa mmoja wa watunzi wawili wa wimbo ambao mwaka 1972, kwa sauti ya mtu mwingine, ulishika namba moja Marekani na Uingereza, na bado fedha za kundi lake zilikuwa zimenasa mikononi mwa meneja. Alijitoa uhai Aprili 1975, akiwa na miaka 27. Kila mtu akitania kuhusu mastaa waliofilisika, namkumbuka huyu.

Sasa waliotunza. Kwangu mimi wa kwanza ni David Bowie, mwimbaji wa Uingereza. Mwaka 1997 aliuza hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, za dola milioni 55, za miaka 10, kwa riba ya asilimia 7.9, na dhamana yake ilikuwa mrabaha wa albamu zake 25 za zamani. Angalieni hapo: nyimbo hazikuuzwa, kilichowekwa rehani ni mapato yake. Na sehemu ya fedha hizo aliitumia kununua fungu ambalo meneja wake wa zamani alikuwa bado analo kwenye kazi zake. Wenzake walikuwa wananunua mashamba na mahoteli, yeye akanunua jasho lake mwenyewe. Uharamia wa muziki kwenye intaneti ulipoanza kutafuna mauzo, mwaka 2004 hatifungani hizo zilishushwa daraja hadi ngazi moja tu juu ya zile ziitwazo "takataka", ambazo hatari ya kutolipwa ni kubwa. Hata hivyo zililipwa zote, na 2007 mapato ya nyimbo yakarudi kwake.

Paul McCartney, aliyekuwa wa kundi la Beatles, anajua uchungu wa upande wa pili, wa kuona nyimbo zako zikimilikiwa na mwingine. Michael Jackson alinunua kampuni iliyomiliki nyimbo nyingi za Beatles mwaka 1985 kwa dola milioni 47.5. Mwaka 2016 Sony ililipa warithi wa Jackson dola milioni 750 kwa nusu yao ya kampuni ya ubia iliyozaliwa humo. McCartney, mmoja wa waliozitunga, alikuwa bado hai, anaziimba.

Siku hizi kuuza nyimbo kumekuwa kama mafuriko. Mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen, aliziuza zake kwa Sony mwaka 2021, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 500. Alikuwa na miaka 72 na alishazila kwa karibu nusu karne, kwa hiyo sina ugomvi naye. Ninayemhofia ni kijana wa miaka 28 ambaye wiki hii ameletewa hati kama hiyo na meneja wake, ikiwa na karatasi ya njano kwenye ukurasa wa mwisho.