Anza na bamvua: kwa afisa mpya anayekwenda kufanya kazi na wakulima wa mwani Zanzibar

Ukipangiwa kazi ya usawa wa kijinsia katika kijiji cha mwani, iwe Paje, Jambiani au upande wa Pemba, usipange mkutano hata mmoja kabla hujatazama kalenda ya maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana baina ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, na hapo ndipo shamba linapofikika kwa miguu. Ukiita watu saa 4 asubuhi utawakuta wanaume barazani, na wanawake wako baharini. Ripoti itasema jamii imeshirikishwa, kumbe wakulima wenyewe hawakuwepo. Weka mikutano siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, na saa yake waichague kina mama, maana alasiri nayo ina mapishi na watoto.

Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu hapo wakulima walio wengi, kiasi cha wanane kati ya kumi, ni wanawake. Ijue kazi yenyewe kwa hesabu. Kamba ya mita 10 hufungwa mbegu, yaani vipande vya mwani mbichi, kila baada ya sentimita 20, yaani mbegu 50, kila moja gramu 100 hivi. Mwenye kamba 50 ana mafundo 2,500 ya kufunga kwa vidole. Baada ya wiki sita, tuseme kila mbegu imefika nusu kilo: kamba moja inatoa kilo 25, unaacha kilo 5 za mbegu, zinabaki kilo 20 mbichi. Mwani mbichi kilo nane hukauka ukawa kilo moja, kwa hiyo kamba ile imempa kilo mbili na nusu za kuuza. Shamba zima ni kilo 125. Fanya hesabu hii na wakulima wenyewe, mchangani, kwa vijiti. Ndiyo itakayokuonyesha kwa nini mtu anagombania kilo tatu kwenye mizani.

Na mizani ndiyo ya kuangaliwa mapema. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 25 ambao haujafunguliwa, upime mbele ya watu wote kabla ununuzi haujaanza. Kisha uliza kinachokatwa: uzito wa gunia, mchanga, unyevu. Makato yatajwe kwa namba kabla ya kupima. Mwani unaoanikwa chini hubeba mchanga, na ukinyeshewa unachujuka na kuoza, kwa hiyo vichanja vya kuanikia vina faida kuliko semina tatu za ujasiriamali. Uliza pia kamba na vigingi ni vya nani. Aliyepewa vifaa na mnunuzi mara nyingi hufungwa kumuuzia huyo huyo kwa bei aliyoipanga, na aliyejinunulia ana uhuru wa kutafuta bei. Halafu tazama daftari: jina lililoandikwa ni la nani, na fedha anapokea nani. Mke analima na mume anasaini. Hilo hutokea bila ubaya wowote, kwa sababu tu karani aliuliza jina la mwenye nyumba. Rekebisha kwa kuandika jina la aliyefunga mbegu.

Sasa jambo gumu. Mwani unaolimwa hapa ni hasa wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii una bei nzuri zaidi, lakini ni dhaifu: maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, au mvua ikapunguza chumvi, matawi hugeuka meupe, yanalainika na kukatika. Katika sehemu nyingi za Unguja kotonii umekuwa ukifa hivyo, na wakulima wamebakiwa na spinosamu wa bei ndogo. Dawa inayopendekezwa, nayo imefanyiwa majaribio na watafiti akiwemo Dk. Flower Msuya, ni kuhamia maji ya kina kirefu, kwa kamba au nyavu zinazoelea, ambako joto halipandi na kushuka sana.

Lakini kina kirefu kinataka chombo na kuogelea, na wasichana wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mradi ukileta mashua kwanza, wenye kujua kuiendesha ni wanaume, mashua inakuwa yao, na yule mama aliyekuwa na shamba lake anageuka kibarua wa kufunga mbegu. Kwa hiyo pindua mpangilio. Kwanza masomo ya kuogelea, mwalimu awe mwanamke, nguo ziwe za kusitiri na nyepesi, kwani buibui likilowa humvuta mtu chini. Pili majaketi okozi, kila mmoja lake. Tatu mafunzo ya kuendesha chombo. Mashua iwe ya mwisho, na isajiliwe kwa jina la kikundi, hati ikae kwao. Miezi sita ya kungoja itamkasirisha mfadhili. Mweleze, naye ataelewa.

Kwenye kamati za shehia, ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, usiridhike na idadi ya wanawake waliokaa. Mshika fedha wa kikundi huenda akawa mwanamke, lakini uliza nani anasaini benki. Katika fukwe zenye hoteli na michezo ya upepo, kama Paje, uliza pia nani alikuwepo siku mipaka ya eneo la mwani ilipozungumzwa.

Mwisho, nenda skuli. Weka rejesta ya mahudhurio pembeni ya kalenda ya bamvua. Ukiona wasichana wa mkondo wa asubuhi wanakosekana siku zile zile za maji kupwa, umepata jibu: wako baharini wakisaidia kufunga mbegu. Usianze kwa kumlaumu mama. Ana mafundo 2,500 na muda wa saa tatu tu wa maji kupwa. Kinachomsaidia ni kufungia mbegu pwani badala ya ndani ya maji: kamba zifungwe alasiri chini ya kivuli, zilowekwe na kufunikwa zisikauke, zipelekwe shambani maji yanayofuata kupwa. Wanawake wanne au watano wakishirikiana kwa zamu, kila alasiri kamba za mmoja, mkono wa mtoto hauhitajiki tena asubuhi. Rudi kwenye rejesta baada ya bamvua mbili, uhesabu upya.