Usikaze nyuzi kwanza mkuu
Mkuu, hicho kijiti unachosema kinagongagonga ndani ya violini tangu utoe nyuzi zote sio uchafu, usikitupe! Ndo nguzo ya sauti hiyo, mbao ya sprusi, inasimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja (kile kibao kinachoinua nyuzi) upande wa uzi mwembamba, na haina gundi kabisa, inabanwa tu kati ya ubao wa juu na wa chini mkazo wa nyuzi ukisaidia, kwahiyo ukitoa zote kwa pamoja inaweza kuanguka. Usikaze kabla haijarudi, ubao wa juu unaweza kupasuka. Kuirudisha, fundi anaidunga na chuma kilichopinda anaipitisha kwenye tundu la f (lile lenye umbo la herufi f kwenye ubao wa juu), na akiisogeza hata milimita moja sauti inabadilika. Siku nyingine badilisha uzi mmoja mmoja.