Biashara ya kuku hufia kwenye banda tupu

Mhariri, mmeuliza wiki hii mtu aliyeajiriwa afanye nini ili biashara yake ya pembeni isiishie njiani. Nitajibu kwa kuku wa nyama, maana waajiriwa wengi wa mijini huanzia hapo, kisha banda likageuka stoo.

Kuku wakiwa bandani hutaacha kuwahudumia. Njaa yao yenyewe itakuamsha. Biashara hukatika wakishauzwa. Banda limesafishwa, fedha iko mkononi, ada ya shule inadaiwa, na hakuna tarehe iliyowekwa ya vifaranga wengine. Ndiyo maana oda ya kundi linalofuata iwekwe na kianzio kilipwe kundi lililopo likiwa na wiki 3, kabla hujauza hata kuku mmoja. Fedha ya kianzio hicho itengwe tangu mwanzo, pamoja na ya vifaranga na chakula, katika laini ya simu isiyotumika kwa mambo ya nyumbani.

Pili, vifaranga waingie Jumamosi asubuhi. Saa 48 za mwanzo zinahitaji mtu wa karibu: joto la nyuzi 32 hadi 34, likipungua nyuzi 2 au 3 kila wiki. Wakirundikana karibu na jiko la kuwapasha joto, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, wamezidiwa joto. Ukitumia mkaa, acha uwazi sehemu ya juu ya ukuta, la sivyo gesi yake itawaua usiku. Faida kubwa ya Jumamosi ni chanjo: kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi) wakitimiza wiki 1, gumboro (ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya vifaranga) wiki 2, kideri tena wiki 3, zote zinaangukia siku ambayo huendi kazini. (Mtaalamu wa mifugo wa eneo lako anaweza kuongeza gumboro ya pili.) Chanjo ya maji, yaani ya kuchanganywa kwenye maji yao ya kunywa, huharibika kwa haraka ya mtu anayewahi daladala. Wanyime maji saa 1 hadi 2 kabla ya chanjo, tumia maji yasiyo na klorini, na hakikisha wamemaliza kunywa ndani ya saa 2. Chupa ya chanjo isafirishwe kwenye barafu. Ikipata joto njiani umewanywesha maji matupu, na utagundua kideri kikishaingia.

Idadi ipangwe kwa siku yako mbaya: mwisho wa mwezi ofisini, mvua, foleni, umeme umekatika. Kwa mwajiriwa mwenye msaidizi mmoja nyumbani, kuku 100 wanatosha. Wanahitaji mita 10 za mraba, na zaidi kidogo ukiwa Dar es Salaam au Tanga kwa sababu ya joto. Chakula chao ni mifuko 7 hadi 8 ya kilo 50 mpaka kuuzwa. Inunue yote au uwe na fedha yake kabla hawajaingia. Mfuko ukikosekana siku 2 katika wiki ya 4, uzito uliopotea haurudi kwa wakati.

Daftari liwe na safu tatu tu: waliokufa, chakula kilicholiwa, fedha. Chakula kikipungua ghafla, ugonjwa umeanza hata kama hakuna aliyelala. Kagua maranda yaliyotandikwa sakafuni karibu na vyombo vya maji. Yakiloa yatolewe jioni hiyohiyo, kwani kuharisha damu huanzia hapo.

Wanunuzi watafutwe kuanzia wiki ya 3, kwa majina na idadi. Wakifika wiki 5 hadi 6, kuku 100 hula kilo 15 hadi 20 kwa siku. Ukichelewa siku 10 kutafuta soko, mifuko 3 au 4 imekwenda, na mara nyingi hiyo ndiyo faida yote.

Baada ya kuuza, toa maranda yote, osha kwa sabuni, puliza dawa ya kuua vijidudu, paka chokaa, liache banda likauke. Wiki 2 zinatosha. Pamoja na 6 za kufuga, mzunguko ni wiki 8, na Jumamosi yako inarudi palepale. Usichanganye umri ili kufidia muda, kwa sababu wakubwa huwaambukiza wadogo. Ukijua mwezi fulani una safari ya kikazi au mfungo utakaobadili ratiba ya nyumbani, ruka kundi hilo zima, na ulipie kianzio cha linalofuata kabla hujaondoka.