Samadi ya bure ya farasi: ipime kwa maharage kabla haijagusa udongo wako

Dada, simamisha hilo tela kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Umeandika kwamba baada ya kungoja sana umepata nusu ya kishamba cha kaunsili (allotment, kipande cha ardhi ambacho serikali ya mtaa humkodishia mtu alime), na unataka kujua mahindi na mchicha vipandwe lini, banda la vifaa ujenge au ununue, na watoto uwakatie sehemu gani. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba Jumamosi zizi la farasi linakuletea tela zima la samadi bure, na utaichimbia yote kabla ya Pasaka. Waliotangulia kukujibu wamekupongeza, mmoja akasema una bahati. Nimesoma nikashindwa kunyamaza.

Mimi nina kishamba hapa Coventry, Uingereza. Mwaka wa kwanza nasi tuliletewa samadi ya namna hiyohiyo: nyeusi, imeoza vizuri, haina harufu, ukiishika inapukutika mkononi. Mtu aliyekulia Mbeya akiiona vile anaona mali. Tuliisomba kwa toroli kutoka getini, mume wangu akaisambaza, nami nikaichanganya na udongo kila tuta. Tukapanda viazi, nyanya, maharage ya kutambaa, na mistari michache ya mahindi pembeni.

Mahindi yalitoka vizuri ajabu. Hayo ndiyo yaliyotupoteza, kwa sababu kila tulipoyatazama tulisema udongo hauna shida. Lakini nyanya zilipofika urefu wa goti, majani ya juu kabisa yakaanza kujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hayakuwa na madoa, hayakuwa na wadudu, wala hayakunyauka. Yalikuwa mabichi kabisa, ila membamba, yamesokoteka, na mishipa ya jani imesimama sambamba badala ya kutawanyika. Maharage yalitoa jani moja moja lililokunjamana, yakasimama hapo. Viazi vilichipua vikiwa vimepinda shingo.

Tulidhani ni maji. Tukadhani ni ugonjwa. Tukanunua mbolea ya maji ya nyanya, tukang'oa, tukapanda miche mipya palepale, nayo ikajikunja vilevile. Fedha ya miche, fedha ya mbolea, jioni zote za kiangazi tulizokuwa tupumzike na watoto, zote zilikwenda humo.

Kilichokuwa ndani ya ile samadi ni dawa ya kuua magugu inayoitwa aminopiralidi. Wakulima huipuliza kwenye malisho kuua mibaruti na magugu mengine ya majani mapana bila kudhuru nyasi. Nyasi zikikatwa na kukaushwa, dawa imo. Farasi akizila, dawa hupita tumboni mwake bila kuvunjika, haimdhuru yeye hata kidogo, ikatoka na kinyesi. Lundo likikaa, dawa bado imo, kwa sababu imeshikana na nyuzi za nyasi na huachiliwa kidogo kidogo kadiri nyuzi zinavyooza. Kwa hiyo yule anayekuambia "chukua ya zamani, iliyooza, haina neno" hajui anachosema. Kuoza kwa macho si dalili ya usalama.

Sasa utaelewa kwa nini mahindi yetu yalinawiri: mahindi ni jamii ya nyasi, dawa hiyo haiyagusi. Nyanya, viazi, maharage, njegere na karoti ndivyo vinavyoumia, tena kwa kiasi kidogo mno cha dawa.

Wala si jambo geni. Mwaka 2008 watu wenye vishamba huku Uingereza walilalamika kwa wingi hadi idhini ya dawa hizo ikasimamishwa. Baadaye zikarudishwa kwa masharti, mojawapo kwamba samadi ya wanyama waliokula nyasi zilizopulizwa isitoke nje ya shamba. Sharti zuri. Lakini fuata safari ya robota moja la nyasi kavu uone: aliyepuliza kamuuzia dalali, dalali kauzia zizi, zizi limewalisha farasi, kisha mwenye zizi anataka kuondoa lundo uani, anakuletea wewe bure. Katika mlolongo huo nani amekueleza chochote?

Na hapa ndipo ninapokasirika hadi leo. Nilimuuliza mwenye zizi uso kwa uso: mnatumia dawa? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Hapa kwetu hatupulizi kitu." Labda ni kweli, kwake hawapulizi. Ila nyasi za kulisha farasi majira ya baridi alikuwa ananunua kwingine, na hilo hakuona haja ya kulisema. Swali nililopaswa kufundishwa kuuliza ni hili: nyasi kavu zinatoka wapi, na aliyezilima alipuliza nini? Akisema hajui, jibu umeshalipata.

Aliyeniudhi zaidi ni jirani yangu wa kishamba, mzee mwenye miaka mingi pale, aliyenisukuma niichukue. Mimi ni mgeni, yeye mkongwe, nikamheshimu kama unavyomheshimu mzee wa nyumbani. Nilipomwonyesha nyanya zangu akasema, "Ah, ile samadi, mwaka juzi iliwaharibia wale wa kule mwisho." Alijua! Alijua, na akanisaidia kusukuma toroli. Na hawa wanaofundisha bustani kwa video, wanaosema tu "tia samadi kwa wingi" kisha wanaendelea na habari nyingine, nao wana sehemu yao ya lawama.

Hasara haikuishia kwenye mazao. Matuta yalibaki matupu, na mkataba wa vishamba hivi unadai ardhi ilimwe. Kamati ikatuandikia barua ya onyo kwamba kishamba hakitunzwi. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka kaunsili kutoa vishamba hivi kwa wanaovihitaji, lakini foleni unaijua mwenyewe, umeikalia. Ukinyang'anywa unarudi mkiani.

Basi shika sharti moja: samadi yoyote, ya yeyote, hata ya shemeji yako, ipimwe kwa maharage kwanza. Mwambie mwenye zizi unataka ndoo moja tu. Uichote sehemu mbalimbali za lundo, juu, katikati na chini, kwa sababu sehemu moja inaweza kuwa safi na nyingine chafu. Ichanganye nusu kwa nusu na mboji ya mfukoni, ile ya dukani inayouzwa kwenye mifuko, jaza vyungu kadhaa. Jaza na vingine kwa mboji hiyohiyo tupu, bila samadi. Nunua mbegu ambazo pakiti imeandikwa broad beans, yale maharage mapana yanayostahimili baridi, otesha matatu kila chungu. Kila chungu kikae kwenye kisahani chake, maji ya kimoja yasiingie kwa kingine, na uandike alama maana baada ya wiki utasahau. Weka dirishani penye mwanga.

Kisha ngoja hadi majani halisi yatoke kadhaa, wiki nne hivi tangu kuchipua. Usikate shauri kwa jani la kwanza. Weka vyungu sambamba, linganisha. Ya samadi yakiwa yamenyooka na mapana kama ya mboji tupu, lete tela. Yakijikunja, mwambie ahsante, hapana. Na usimpe mtu mwingine, wala usiitie kwenye lundo lako la mboji.

Kwa yeyote anayesoma hapa akiwa ameshaimwaga: ondoa ile unayoiona kwa macho, iliyobaki igeuze na udongo mara kwa mara, kwa kuwa vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoivunja dawa. Mwaka huo panda mahindi. Kabla ya kurudisha nyanya au viazi, chota udongo wenyewe, upime kwa maharage vilevile.

Mtu ataniambia wengi wanatumia samadi ya farasi na hawajapata lolote. Ni kweli, na nyingi ni salama. Lakini kwa macho huwezi kutofautisha, na pakiti moja ya maharage ni bei ya chai na andazi. Mwaka huu unaweza kulima vizuri tu kwa mboji ya mfukoni na mbolea ya kuku ya vidonge.

Mahindi uliyouliza: otesha kwenye vikopo ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili, hamishia nje mwanzoni mwa Juni, maana sakitu huweza kupiga hata katikati ya Mei. Yapande kwa mraba, si mstari mmoja mrefu, kwa sababu ni upepo unaobeba chavua na ukiyapanga mstari utavuna magunzi yenye mapengo. Mchicha usiuharakishe, hauna ubavu wa baridi ya Aprili. Mwage mbegu udongo ukishapata joto, mwisho wa Mei au Juni, utachuma hadi Septemba.

Ukishaotesha hayo maharage, weka picha hapa, ya majani ya juu kabisa, karibu, chungu cha samadi na cha mboji tupu pamoja. Nitaitazama hata kama ni usiku.